Picha za Viraka

Msomaji, huenda umepata kumtazama fundi cherehani akiwa kazini barazani. Huletewa nguo iliyotoboka, naye huchukua kitambaa kingine, pengine cha rangi tofauti kabisa, akakikata na kukishona juu ya tundu. Fundi asiyejua kazi hutia kiraka ambacho hufunika tundu tu, wala hakifai kwa lingine. Fundi ajuaye kazi hutia kiraka ambacho huiongezea nguo umri. Lakini iko namna ya tatu ya kiraka, nayo ndiyo nitakayoizungumza katika insha hii: ni kile kinachotiwa kwa makusudi mahali ambapo nguo haikutoboka, ili kila apitaye asimame na kuuliza, "Kwa nini kiraka hiki kiko hapa? Nguo hii nzuri ilikuwa ikificha nini?"

Katika sanaa ya picha iko kazi ya namna hiyo. Msanii hukusanya vipande vya magazeti, vitambaa, vifuniko vya chupa, hata takataka za jaani, akavipanga na kuvigandisha mpaka vikafanya sura moja. Wafaransa waliipa kazi hii jina litokanalo na neno lao la kugandisha kwa gundi. Sisi twaweza kuiita kolaji, au kwa lugha ya nyumbani, picha ya viraka. Sikusudii kuzieleza picha zote za viraka, maana ni nyingi kama mchanga. Nataka tuzitazame zile ambazo msanii wa siku zetu huchukua mchoro mashuhuri wa zamani, akautengeneza upya kwa viraka, ili aseme neno juu ya watu wa leo na mienendo yao.

Wahenga walisema kuwa nguo ya kuazima haisitiri. Msanii wa namna hii huvaa nguo ya kuazima mbele ya macho ya watu wote. Umbo si lake, sifa ya umbo si yake, na mchoraji wa kwanza alikwisha kufa zamani wala hawezi kuulizwa ruhusa. Basi yatupasa tuulize: ni lini kuazima huku huwa hoja yenye nguvu, na ni lini huwa mchezo wa kuchekesha tu? Kazi ya mhakiki si kupiga makofi wala kuzomea, ni kupambanua. Nami nitajaribu kupambanua mbele yako, ili nawe uweze kunipinga ukiona nimepotoka.

Kwanza tujue kazi hii ilikotoka. Mwaka 1912, katika nchi ya Ufaransa, wachoraji wawili, Pablo Picasso na Georges Braque, walianza kugandisha vitu vya madukani juu ya michoro yao. Picasso alibandika kipande cha kitambaa cha mpira kilichopigwa chapa ya ukili wa kiti, akakizungushia kamba mahali pa fremu. Braque alibandika karatasi iliyochapwa ifanane na mbao. Jambo hili laonekana dogo, lakini lilikuwa kubwa. Kwa karne nyingi sifa ya mchoraji wa Ulaya ilikuwa kuigiza vitu kwa rangi hata jicho lidanganyike. Sasa kitu chenyewe, cha bei rahisi, kilichotengenezwa kiwandani, kiliingia ndani ya picha kikaketi bila kuigizwa. Tangu siku hiyo picha iliweza kusema kwa sauti mbili: sauti ya umbo, na sauti ya kitu kilicholifanya umbo.

Miaka saba baadaye sauti hizo mbili ziligeuzwa kuwa silaha. Katika Berlin, baada ya vita vya mwaka 1914 hadi 1918, mwanamke aliyeitwa Hannah Höch alikata picha za magazetini, akachukua vichwa vya wakubwa wa dola na kuvipachika penye viwiliwili visivyokuwa vyao, katikati ya magurudumu na mashine. Na mwaka huo huo, 1919, Marcel Duchamp alichukua kadi ya posta yenye sura ya Mona Lisa, mchoro wa Leonardo da Vinci, akamchorea yule mwanamke masharubu na ndevu kwa kalamu ya risasi. Watu walicheka, na wengine walikasirika.

Tusimame kidogo penye masharubu hayo, kwa maana hapo pana funzo. Duchamp alikuwa na shabaha yake. Aliona watu wakiabudu mchoro kwa sababu wameambiwa wauabudu, akataka kuivunja ibada ile kwa mzaha mmoja. Kwa wakati wake mzaha ulikuwa na meno. Lakini tangu hapo Mona Lisa amechorewa miwani, amepewa simu, amevishwa barakoa, amenenepeshwa na kukondeshwa, mpaka mzaha umechakaa kama shilingi iliyopita mikononi mwa watu elfu. Picha ya namna hiyo huazima umaarufu wa mchoro wa kale bila kuurudishia kitu. Ukiiondoa sura mashuhuri, hakibaki neno lolote. Hiyo ndiyo nguo ya kuazima isiyositiri.

Sasa niruhusu nikuonyeshe nguo ya kuazima iliyositiri, na kwa kusitiri kwake ikafichua. Twende Brazili. Vik Muniz alizaliwa mwaka 1961 katika mji wa São Paulo. Ni msanii aliyejizoeza kutengeneza sura kwa vitu ambavyo wachoraji wengine hawavishiki: sukari, chokoleti, uzi, vumbi, vipande vya magazeti. Akiisha kuipanga sura huipiga picha kwa kamera, kisha vile vitu hutawanywa, na picha ya kamera ndiyo ibakiayo. Mfululizo wake wa mwaka 2008 huitwa Picha za Taka, na jina hilo si fumbo, maana picha hizo zilifanywa kwa taka kweli kweli.

Pembezoni mwa mji wa Rio de Janeiro, mahali paitwapo Jardim Gramacho, palikuwa na jaa lililohesabiwa miongoni mwa majaa makubwa kabisa duniani. Kila kilichotupwa na mji ule, kuanzia majumba ya fahari ya pwani mpaka vibanda vya milimani, kilikutana pale. Maelfu ya watu waliishi kwa kuokota katika taka vitu vinavyoweza kuuzwa na kutumiwa tena, kama plastiki, karatasi na chuma. Watu hao walikuwa wameunda chama chao cha kuteteana, na kiongozi wake alikuwa kijana Sebastião Carlos dos Santos, ambaye wenzake humwita Tião. Kijana huyu alisoma vitabu alivyoviokota jaani, na kimojawapo kilikuwa kitabu cha Machiavelli juu ya utawala. Fikiri, msomaji: mtu alijifunza siasa katika kitabu ambacho mwenye maktaba alikiona hakina faida.

Muniz alimwomba Tião akae katika beseni la kuogea lililookotwa jaani, kichwa kikiinamia upande, kitambaa kikizunguka kichwa, mkono mmoja ukining'inia nje. Mkao huo si wa kubuni. Ni mkao wa Jean-Paul Marat katika mchoro wa Jacques-Louis David wa mwaka 1793. Marat alikuwa mtu wa mapinduzi ya Ufaransa, naye alitoa gazeti lililoitwa Rafiki wa Watu. Alikuwa na ugonjwa wa ngozi, na kwa ajili ya kupunguza maumivu alikuwa akifanya kazi ndani ya beseni. Tarehe 13 Julai 1793 mwanamke aitwaye Charlotte Corday aliingia kwake akamchoma kisu. David, aliyekuwa rafiki yake, alimchora akiwa amekufa, barua ingali mkononi, kalamu ya unyoya ingali katika vidole, na sehemu ya juu ya mchoro ni giza tupu. Hakuchora ugonjwa wa ngozi. Alichora mwili safi wenye nuru, kama wachoraji wa kale walivyomchora Yesu aliyeteremshwa msalabani. Kwa ufundi huo mwanasiasa aligeuka shahidi.

Sasa tazama Muniz alivyofanya. Picha ya Tião ilirushwa kwa taa kubwa juu ya sakafu ya ghala, hata mtu mmoja akawa na urefu wa kushinda nyumba. Kisha waokotaji wenyewe, kwa malipo, walishika kazi ya kutandaza taka juu ya sakafu kwa kufuata mistari ya mwanga. Penye kivuli walijaza takataka. Penye nuru waliiacha sakafu wazi. Msanii alisimama juu kabisa, akiagiza hiki kisogezwe na kile kiondolewe, mpaka sura ikatokea, akaipiga picha.

Ukiitazama picha hiyo kwa mbali, wamwona Marat. Ukikaribia, Marat atoweka na waona takataka. Ukirudi nyuma tena, wamwona Tião. Macho yako yatakwenda na kurudi, wala hayatapata mahali pa kutulia, na mahangaiko hayo ya macho ndiyo maana ya picha. Kwa nguvu ya umbo, picha yasema, "Huyu ni mtu mkubwa, mheshimu." Kwa nguvu ya vitu, yasema, "Huyu anaishi katika vile ulivyotupa." Maneno hayo mawili hayapatani, na mtazamaji ndiye anayeachiwa kazi ya kuyapatanisha. Akishindwa, kosa si la picha.

Angalia pia kwamba mchoro huu haukuchaguliwa kwa umaarufu wake tu. Marat alijiita rafiki wa watu. Tião alikuwa kiongozi wa watu. Marat alifanya kazi ya kusoma na kuandika akiwa ndani ya beseni. Tião alisoma akiwa jaani. Lakini iko tofauti moja, nayo ina uzito kushinda mifanano yote. Marat wa David amekufa. Tião alikuwa mzima, na baada ya kupigwa picha aliinuka katika beseni, akajipangusa, akarudi kwenye mkutano wa chama chake. Katika mchoro wa kwanza mtu huheshimiwa kwa sababu amekufa. Katika picha ya viraka mtu adai heshima hiyo akiwa angali hai. Naona hiyo ndiyo hoja ya Muniz, na nakiri kuwa ni hoja nzuri.

Katika mfululizo huo huo yumo mwokotaji mwingine aitwaye Zumbi, aliyewekwa katika mkao wa Mpanzi. Mpanzi ni mchoro wa Jean-François Millet wa mwaka 1850, na hapo zamani ulitia baadhi ya watazamaji wa Paris wasiwasi, kwa kuwa mkulima maskini alichorwa mkubwa, mwenye nguvu, akitembea kama mtu mwenye haki ya kupita. Zumbi naye alikuwa akikusanya vitabu vilivyotupwa ili majirani zake wapate maktaba. Mpanzi wa Millet hutupa mbegu katika shamba. Mpanzi wa Muniz yuko katika nchi isiyootesha mbegu, lakini kitabu kilichookotwa na kusomwa chaweza kuota. Kuazima kwa namna hii si wizi. Ni kama mtu aliyeazima jembe la jirani akalirudisha likiwa limenolewa.

Nimesifu vya kutosha; sasa nageuza shilingi upande wa pili. Mtu mwenye akili atauliza: je, ni haki kuufanya umaskini wa watu kuwa pambo? Picha ya Tião ilipelekwa London, ikauzwa mnadani kwa zaidi ya pauni 20,000. Aliyeinunua aweza kuitundika ukutani, akala chakula chake chini yake, na mabaki ya chakula hicho yakaenda jaani. Swali hili si geni kwa wahusika wenyewe. Filamu iliyotengenezwa na Lucy Walker na kuonyeshwa mwaka 2010 yawaonyesha Muniz na walio karibu naye wakibishana kama yafaa kumtoa mtu jaani kwa wiki chache, kumwonyesha maisha mengine, kisha kumwacha arudi alikotoka.

Jawabu litolewalo mara nyingi ni kwamba fedha za mauzo zilikwenda kwa waokotaji na chama chao. Ni kweli, na ni jambo la kushukuriwa. Lakini mimi sioni kuwa fedha ni jawabu la swali hili. Mtu aweza kulipwa vizuri na bado akawa ametumiwa. Jawabu, kama liko, lazima litafutwe ndani ya picha yenyewe.

Mimi nalitafuta katika jina la picha. David aliandika juu ya sanduku la mbao lililochorwa kando ya beseni maneno machache ya kumtunukia Marat, akatia na jina lake mwenyewe. Hivyo katika mchoro wa zamani yako majina mawili, la shahidi na la mchoraji. Muniz aliiita picha yake Marat (Sebastião). Kwa kufanya hivyo alimtia mfanyakazi mahali ambapo zamani palikaa mkubwa peke yake. Mahali pengi picha za maskini huitwa "mwanamke wa sokoni" au "mtoto wa mtaani", kana kwamba maskini hana mama aliyempa jina. Huku kumtaja mtu kwa jina lake ni haki, nami nakuhesabu kuwa kiraka bora kuliko vyote vilivyomo.

Hata hivyo, mhakiki hana budi kusema yote aonayo. Marat aitwa kwa jina la ukoo, kama wakubwa waitwavyo. Sebastião aitwa kwa jina la kwanza tu, kama tunavyowaita watoto na watumishi, tena jina lake limefungiwa ndani ya mabano. Sidhani kuwa Muniz alikusudia dharau. Lakini katika sanaa, kama katika maisha, mazoea ya dunia huingia hata katika kazi ya mtu mwema. Picha iliyokuja kuisuta dunia kwa kuwapanga watu kwa madaraja ina daraja dogo ndani ya jina lake. Nayo haiporomoki kwa kosa hilo. Bali kosa hilo lathibitisha kwamba jambo lisemwalo ni kweli.

Ili tupate kipimo, tumlinganishe Muniz na msanii mwingine. Chris Jordan ni Mmarekani aliyekuwa mwanasheria kabla ya kuifuata kamera. Naye huazima michoro mashuhuri na kuitengeneza upya kwa vitu vilivyotumika na kutupwa, lakini hesabu ndiyo mchumba wake. Mwaka 2009 alitengeneza upya wimbi kubwa la Hokusai, ile picha ya Kijapani ya karibu na mwaka 1831 iliyochapwa kwa mbao za kuchongwa, ambamo wimbi limeinama juu ya mashua tatu, na mlima Fuji waonekana mdogo kwa mbali. Wimbi la Jordan limefanywa kwa vipande milioni 2.4 vya plastiki. Idadi hiyo ni sawa na ratili za plastiki zilizokadiriwa kuingia baharini duniani kila saa, na vipande vyenyewe vilitoka katika bahari ya Pasifiki.

Mwaka 2011 alimchukua Venus wa Botticelli, yule mwanamke azaliwaye baharini na kusimama juu ya kombe, katika mchoro wa karne ya 15 uliopo Florence. Jordan alimfanya kwa mifuko ya plastiki 240,000, sawa na makadirio ya mifuko iliyotumiwa duniani katika kila sekunde 10. Mwaka huo huo alimchukua Seurat, mchoraji aliyejaza turubai kwa nukta ndogo ndogo, na kila nukta akaigeuza kifuniko cha chupa. Vifuniko hivyo ni 400,000, idadi ya chupa za plastiki zilizotumiwa Marekani kwa wastani wa kila dakika moja.

Hapana shaka kwamba huyu naye ni fundi. Katika wimbi la Hokusai, kitu na umbo vimeoana barabara: bahari imefanywa kwa kile kinachoiua bahari, na mashua tatu za wavuvi zitakazofunikwa ni mashua zetu sote. Katika Venus pia, uzuri uzaliwao baharini sasa umezaliwa katika mifuko. Lakini katika nukta za Seurat naona werevu kuliko hoja. Vifuniko vyafanana na nukta, basi. Wale watu wa Paris wanaopumzika kando ya mto siku ya Jumapili hawakuongezewa wala kupunguziwa neno.

Tena upo upungufu unaopita katika kazi zote za Jordan, nao ni kwamba hamna mtu. Ziko namba, na namba zatisha, lakini hakuna aliyetupa wala aliyeokota. Mtazamaji huambiwa kwamba wote wamekosa, na lawama ya watu wote huwa haimwangukii mtu yeyote. Aondokapo hutikisa kichwa, akanunua maji ya chupa mlangoni. Picha ya Muniz haina namba hata moja, lakini ina macho ya mtu. Ni vigumu kumpita mtu ambaye jina lake umeambiwa. Kwa sababu hiyo mimi namweka Muniz mbele ya Jordan, ingawa najua wako watakaopinga na kusema kwamba bahari haina jina la mtu, nayo yahitaji mtetezi. Wana haki ya kusema hivyo, na wimbi la Jordan ni shahidi wao mzuri.

Pengine utasema, "Mambo haya ni ya Brazili na Marekani, sisi yatuhusu nini?" Kumbuka kwamba tangu tarehe 28 Agosti 2017 sheria ya Kenya imekataza kutengeneza, kuingiza na kutumia mifuko ya plastiki ya kubebea, na adhabu yake yaweza kufika faini ya shilingi milioni 4 au kifungo cha miaka 4. Sheria kali kama hiyo haitungwi juu ya jambo dogo. Na katika Nairobi, jaa la Dandora limepokea taka za mji kwa miaka mingi, na watu wengi wamepata riziki yao humo kama wale wa Jardim Gramacho. Wao nao wana majina, na huenda yumo miongoni mwao aliyeokota kitabu akakisoma.

Wala usidhani kwamba ufundi wa viraka uko mbali nasi. Wangechi Mutu, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1972, ni mmoja wa wasanii wa kolaji wajulikanao sana duniani. Katika mfululizo wa picha 12 wa mwaka 2006 hakuazima mchoro wa mfalme wala wa shahidi. Aliazima kurasa za kitabu cha zamani cha uganga, zilizochorwa kuonyesha maradhi ya tumbo la uzazi, akabandika juu yake macho, midomo na nywele zilizokatwa magazetini, mpaka kila ukurasa ukawa uso wa mwanamke. Ukurasa uliomtazama mwanamke kama kiungo chenye ugonjwa sasa wamtazama mtazamaji. Hapo umeona kwamba si lazima kuazima kwa Leonardo au David. Yatosha kuazima picha yoyote iliyopata kuwa na amri juu ya watu, kisha kuilazimisha ijibu.

Basi, msomaji, ukikutana na picha ya viraka, katika jumba la makumbusho, kitabuni au ukutani mwa shule, usiharakishe kucheka wala kustaajabu. Iulize maswali matatu. La kwanza: ukiondoa umaarufu wa mchoro wa kale, kuna neno linalobaki? La pili: vitu vilivyoifanya vina ushuhuda wowote, au vimetumika kwa kuwa vina rangi nzuri? La tatu: ni nani amewekwa mahali pa yule mkubwa wa zamani, na je, ameitwa kwa jina lake? Masharubu ya Mona Lisa ya leo hushindwa katika swali la kwanza. Nukta za Seurat hushindwa katika la pili. Wimbi la plastiki hupita mawili hayo likakwama penye la tatu. Marat wa jaani hupita yote, ingawa katika la mwisho hupita akichechemea.

Jaa la Jardim Gramacho lilifungwa mwezi Juni mwaka 2012, na waokotaji walilipwa fidia. Sitakudanganya kwamba lilifungwa na picha. Majaa hufungwa na serikali, kwa sheria na kwa fedha. Taka zilizofanya beseni la Marat zilikwisha kuondolewa ghalani siku nyingi kabla ya hapo. Kilichobaki ni sura ya kijana katika mkao wa mtu aliyekufa, naye alikuwa hai, akingoja kuinuka na kurudi kwa watu wake. Fundi alitia kiraka mahali ambapo nguo ya dunia ilionekana nzima, nasi tulipokaribia kutazama tuliona kwamba chini yake palikuwa na tundu.